Njia ya Mtumbwi wa Baba

Ipo siku moja isiyonitoka moyoni, mwanangu. Huirudia kila unaponiuliza kwa nini njia ya mtaa wetu ni pana hivi, na magari yenyewe ni ya kuhesabu.

Zamani hapa ziwani hapakuwa na nyumba wala duka. Watu waliishi kule mteremkoni, na kati yao mafundi wa mitumbwi na tezo zao za kuchongea. Mti ulikatwa kule mlimani, ukachongwa hukohuko, kisha mtumbwi ukaburutwa hadi majini juu ya vigogo vya migomba, maana mgomba mbichi huteleza kama sabuni. Mwenye mtumbwi alipika rubisi, pombe yetu ya ndizi, na watu wakaja kuvuta.

Baba alikuwa mmoja wa mafundi hao. Alifariki mtumbwi wake wa mwisho ukiwa tayari, bado uko mlimani. Mama alikuwa ametangulia. Mimi ndiye mkubwa. Shule nikaiacha, nikabaki na wadogo zangu, Deusi na Adela. Baba mdogo akaja kutoka Chonyonyo, akasema Deusi ataishi kwake, na Adela aende kwa shangazi Kibingo. Nikamwomba angoje hadi Jumapili. Nilijua mtumbwi ukifika majini utavusha watu wa soko kwa nauli, nasi tutakula pamoja.

Akaguna. "Haya. Lakini mtumbwi wa kichakani haulishi mtu."

Rubisi ningeitoa wapi? Ndizi zote ziliishia kwenye matanga. Mkono mtupu haulambwi, wamesema wahenga, nami niliwaamini mno. Basi tukafunga kamba, tukavuta watatu. Adela alivuta huku analia. Mtumbwi haukusogea.

Mzee Kaijage, fundi mwenzake baba, akatukuta pale.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnauvuta, au mnaubembeleza ulale?"

Deusi akacheka. Mimi nikainama.

"Mbona hukutuita?"

"Sina rubisi, babu."

Uso wake ukabadilika. "Koku, umetutukana. Baba yako alivuta mtumbwi wangu nikiwa kitandani na homa, hata maji ya kumpa sina. Wewe unatuona walevi?"

Akageuka, akashuka mlima na kuita nyumba kwa nyumba.

Kesho yake asubuhi, kila nyumba ilileta kigogo chake cha mgomba. Wanaume walifyeka kichaka, wanawake wakaongoza wimbo, na mtumbwi wa baba ukateremka kama ng'ombe aliyenusa maji. Jumapili baba mdogo alifika, akapanda, Deusi akamvusha na kumrudisha. Aliposhuka hakutaja tena kuwachukua wadogo zangu, alisema tu: "Nitawaletea maharage."

Watu waliotuvutia walijenga pembeni mwa njia ile, na ndio mwanzo wa mtaa huu. Mafundi wamekwisha, mitumbwi siku hizi ni ya mbao za kununua. Njia imebaki na upana wake.

Basi, mwanangu, kukosa si aibu. Aibu ni kujificha na mzigo wako hadi ukulemee. Uzito ukikushinda, ita watu. Nao wakikuita, nenda na kigogo chako, usiulize kumepikwa nini. Mungu akupe majirani wa kukuvutia, na wewe akupe mabega ya kuwavutia wao, na nduguzo wabaki mkononi mwako kama wangu walivyobaki.