Siku Gari la Baba Lilipowekewa Msiba

Mimi siongei sana. Shuleni wananiita bubu, nyumbani wanasema nina adabu, kwa hiyo inategemea unamuuliza nani. Lakini hili la gari la umeme la baba lazima niliandike, maana yeye mwenyewe akilisimulia, sehemu ya msiba huwa anairuka.

Alilinunua likiwa limeshatumika huko Japani. Mwanzoni alilipenda kuliko sisi, na sisemi hivi kwa wivu. Mtaa wa Cheyo, hapa Tabora mjini, kuna mfanyabiashara amefunga chaja ya haraka uani kwake, na baba alikuwa anatupimia muda kwa chakula. "Chai ikipoa tu, limejaa." Baadaye ikawa ugali. Siku hizi unaweza kubandika kande, maharage yakaiva, ukaepua, na gari bado linanyonya.

Wenye magari haya Tabora ni wachache. Wanakutana pale kwenye chaja kama wagonjwa wa sukari kliniki.

"Betri yako imebaki asilimia ngapi?"

"Tisini."

"Yangu tisini na mbili."

Wanadanganya kama shangazi zangu wakiulizwa umri. La kwetu nimeliona kwa macho yangu: vile vistari vya kuonyesha uzima wa betri vimepungua kama meno ya mtoto wa darasa la pili. Nikamwambia baba nimesoma kwamba betri ikichoka, au ikipata joto, gari lenyewe linapunguza kasi ya kupokea umeme ili lisiiumize zaidi. Na kwamba kulichaji haraka haraka kila siku, juani, likiwa ndiyo kwanza limetoka kwenye mizunguko, ndiko kunakoizeesha. Afadhali waya wa nyumbani, polepole.

Nilisema kwa sauti yangu ileile ya siku zote.

"Umesema nini?"

"Hamna kitu, baba."

Ikafika Ijumaa ya sendofu ya dada, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa. Bibi yuko kijijini Igalula, na dada alishasema wazi kuwa bibi asipomfunga khanga kwa mkono wake mwenyewe, hatoki chumbani, wageni wale wali waende zao. Mama akasema bibi apande basi. Baba akaona ametukanwa. "Mama yangu apande basi, na mimi nina gari?"

Asubuhi yote alizunguka mjini kukusanya viti, mchana akalipeleka Cheyo likiwa limechemka kama pasi. Likawa linapokea umeme tone kwa tone. Akangoja, akachoka, akachomoa. "Linatosha."

Tuliondoka watatu: baba, mimi na jirani yetu mshona nguo, ambaye ni Mzaramo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo yule mama anaweza kumwambia baba lolote, na baba akikasirika, mwenye makosa ni baba.

Kwenda tulikwenda vizuri. Bibi akapanda na gunia la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, dumu la asali na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Kurudi, zile kilomita za chaji iliyobaki kwenye kioo cha dereva zikaanza kuanguka haraka kuliko tunavyotembea. Baba akazima feni. Akazima redio. Akatuomba tusifungue vioo.

"Na kupumua je, tunaruhusiwa?" mtani akauliza.

Kisha ikawaka picha ndogo ya kobe. Bibi akaiona kabla yetu.

"Mwanangu, huyo kobe anafanya nini humo?"

"Anatuambia twende taratibu, mama."

Tukaenda taratibu. Halafu tukasimama, porini kabisa.

Mtani akashuka, akavua khanga yake ya juu, akalifunika gari usoni, akakaa kwenye nyasi na kuanza kulia. "Uwiii! Marehemu umetuacha na kuku!"

Wauza mkaa wawili wenye baiskeli wakasimama. Mmoja akavua kofia kwa huzuni ya kweli. "Poleni sana. Ni nani?"

"Muulizeni mfiwa," mtani akasema. "Eti Mnyamwezi, marehemu aliumwa nini?"

"Inuka tusukume. Watu wanatungoja."

"Sisukumi maiti nisiyojua ugonjwa wake. Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani mpaka Bagamoyo. Wewe mama yako mmoja, kutoka Igalula tu, amekushinda?"

"Na babu zako walikuwa wamekaa Bagamoyo wanakula nazi!"

"Walikuwa wanakungojea wewe. Hujafika mpaka leo. Aliumwa nini?"

Baba akamtazama bibi, aliyekuwa amempakata kuku, anatazama jua linavyoshuka. Akaegemea mlango.

"Betri imechoka. Nimejua tangu masika. Nilitaka nimpeleke binti yangu kanisani na gari langu, basi."

Mtani akainuka, akajikung'uta, akachukua khanga yake.

Ndipo nikasikia lori. Wote walikuwa pembeni, mimi ndiye niliyekuwa karibu na barabara. Nikaingia katikati na kupunga mikono yote miwili, na sauti ikatoka, sijui ilikuwa wapi miaka yote hii. "Simamaaa!"

Lori la tumbaku likasimama. Dereva akatoa kichwa, amekasirika. Nikasema, "Shikamoo," kwa sauti ya zamani.

"Marahaba. Unataka kunifungisha jela?"

Alituchukua mimi, bibi, mtani na kuku. Baba akabaki na gari lake. Tuliingia nyumbani Ipuli tukinuka tumbaku, bibi akaenda moja kwa moja chumbani, akamfunga dada khanga, na vigelegele vikapanda.

Baba aliletwa baadaye, gari liko juu ya lori la mchanga. Hakwenda Cheyo. Akalichomeka kwenye waya wa nyumbani, dirishani kwangu.

"Baba," dada akamuuliza mbele za watu, "kesho litanifikisha kanisani?"

"Kanisani litafika. Igalula tusiongelee."

Lilifika. Kuku alichukuliwa na mtani, ujira wa kuzika.

Juzi nilimsindikiza baba pale kwenye chaja. Wenzake wakaanza: tisini, tisini na mbili. Baba akasema, "Langu sitini na moja." Yule wa tisini na mbili akakohoa, akamsogelea.

"Langu hamsini na nane. Mke wangu asijue."