Wasichana wa Kibugu

Niliondoka Meru likizo ya Desemba kwa sababu Mama Wanja, rafiki yangu tuliyejuana kanisani, alinipigia simu nikawafunze wasichana wa kwao Kibugu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Zamani msichana alitahiriwa, kisha nyanya akamfunza habari za mwili na za ndoa. Mimi huacha kisu na kuchukua mafunzo tu, na nyanya hao ndio ninaowaomba wafunze pamoja nami.

Asubuhi nilinunua ndizi za kupeleka ugenini katika soko la Gakoromone, nikapanda matatu. Tulipita Chuka jua likiwaka. Kufika Runyenjes mvua ikaanza, na Kibugu nikakuta mashamba ya chai yamefunikwa na ukungu.

Jikoni kwa Mama Wanja alikuwepo mama mkwe wake, nyanya ambaye wote walimwita Cucu Marigu. Alinishika mikono yote miwili.

"Daktari, vyombo umeacha wapi?"

"Vyombo gani, cucu?"

"Vya wasichana. Tulikungoja wewe, juu uko na glavu na dawa."

Nilimgeukia Mama Wanja. "Sista, niliwaambia unakuja kufunza tu," akasema kwa sauti ya chini. "Wao walisikia daktari."

Nilimweleza cucu kwamba sikati mtu. Hakubisha. Alinimiminia chai.

Kesho yake tulikutana na wasichana kanisani. Wanja, binti wa rafiki yangu, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyeuliza sana.

"Mama haezi niambia hii maneno. Cucu naye anasema ataniambia nikishakatwa. Sasa nitajua aje?"

Jioni nilimsihi cucu amfunze mjukuu wake.

"Mafunzo ni ya mtu mzima," akajibu. "Huyo bado ni mtoto."

Asubuhi iliyofuata Wanja hakuja. Mama yake alisema ametumwa kwa shangazi, lakini hakuweza kunitazama. Nikaelewa. Nikampigia chifu simu, tukateremka mbio kati ya michai, mama yake akilia nyuma yangu.

Kwa shangazi tulichelewa. Wanja alikuwa amelala, ameuelekea ukuta. Bandeji ilifungwa vizuri na chupa ya dawa ya ganzi ilikuwa mezani. Muuguzi mwenzangu alikuwa amepita hapo. Kando ya kitanda Cucu Marigu alikuwa akimpapasa mgongo na kumwambia kwa Kiembu, polepole na kwa upendo, yote niliyomwomba amwambie.

Tulimpeleka Wanja hospitali. Alipona kidonda. Nilipomuaga hakuniuliza chochote.

Njiani kurudi Meru niliifikiria kazi yetu. Miaka yote sisi wauguzi tulienda vijijini tukiwaonya watu juu ya wembe wenye kutu, pepopunda na damu nyingi. Walitusikia vizuri sana, wakatafuta mkataji msafi. Hatukuwaambia, kwa maneno wanayoyaamini, kwamba msichana hana kasoro ya kuondolewa. Nami hadi leo sijayapata maneno ambayo Cucu Marigu angeyakubali.