Shangazi Kinyaa na Faneli ya Yaleyale

Watu walimwita Shangazi Kinyaa, naye hakukasirika, maana jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi wa matrekta madogo, yale ya kulimia bustani na kuzolea samadi. Katika kazi ambayo wenzake hurudi nyumbani weusi hadi masikioni, yeye alirudi na kucha safi. Mfuko wa ovaroli yake haukukosa kitambaa cheupe. Mumewe, fundi cherehani, ndiye aliyemkatia vitambaa hivyo kutoka kwenye mabaki ya mashati, na kila mara alinung'unika kwamba ameoa mtu anayefutia mafuta kwa nguo nzuri kuliko zinazovaliwa na mume.

Alikuwa na utaratibu wake. Kabla hajafungua kifuniko cha mafuta ya haidroliki, alishusha koleo la mbele, lile la kuzolea, hadi chini, akafuta vumbi pande zote za kifuniko, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia. Alikipangusa kwenye kitambaa, akatazama rangi, akanusa. Hapo uso ukamkunjamana kama wa mtu aliyekanyaga kitu gizani.

"Aka! Haya ni mafuta au maji ya kuoshea sufuria?"

Kisha somo likaanza, utake usitake. Haidroliki ndiyo misuli ya trekta, alisema. Kwenye haya madogo, mafuta hayo hayo yanainua koleo, yanalainisha gia na kupoza breki zilizozama humo ndani, kwa hiyo tia yale yaliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta lako, si yaliyobaki stoo. Badilisha filta kabla haijaziba. Chembe ya mchanga inatafuna pampu polepole, na maji yakiingia yanaleta kutu na kuyageuza mafuta kuwa uji. Wateja waliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, wakaenda kufanya walivyozoea. Hilo ndilo lililomtia kichefuchefu kuliko uchafu wenyewe.

Na katika wote waliomtia kichefuchefu, hakuna aliyemfikia mtoto wa marehemu kaka yake. Huyu alirithi boma la baba yake, ng'ombe wachache na trekta dogo la kuzolea samadi. Akiambiwa kwamba mafuta ya injini si ya haidroliki, alicheka na kusema, "Shangazi, si yale yale tu?" Watu wakamwita Yaleyale, naye akaona amepewa sifa.

Asubuhi moja Yaleyale alipiga simu.

"Shangazi, shikamoo. Trekta linaumwa. Koleo likipanda linatetemeka, likishuka linalia."

"Marahaba. Babu hajambo?"

"Ah, Babu tumbo bado. Anatapika, anaharisha. Watu wanasema ni meno. Lakini Shangazi, samadi imefika mlangoni!"

Babu alikuwa mtoto wa Yaleyale, mchanga bado, hajaanza hata kusimama. Alipewa jina la babu yake, kaka wa Shangazi, ndiyo maana nyumba nzima ilimwita hivyo. Shangazi hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Huyu alipozaliwa alipakatwa naye kabla ya baba yake, na tangu siku hiyo, kitu pekee chenye kunyea ambacho hakikumkunjisha uso ni Babu. Alikata simu kwa hasira. Mtu ana mtoto anatapika, anaanza na trekta! Akabeba sanduku la vifaa, lakini safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kumwona mtoto.

Alimkuta mapajani kwa mama yake, kwenye veranda. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo mikavu, shingo haina nguvu. Chupa ya maziwa ilikuwa pembeni.

"Anakunywa?" Shangazi aliuliza.

"Anakunywa vizuri tu, Shangazi. Tatizo anarudisha. Nami nampa yaliyo bora, apate nguvu."

Mke wa Yaleyale alikuwa msafi, na kwa sababu hiyo alipendwa. Kwenye nyumba nyingine zote Shangazi alikuja na chai yake kwenye chupa, lakini hapa alipokea kikombe cha chai ya maziwa na kunywa bila kukichungulia. Alikunywa siku hiyo pia, nusu kikombe, akaacha. Alihisi ladha haikumkaa vizuri, akadhani ni wasiwasi.

"Leo leo huyu anakwenda zahanati," alisema. "Jiandae. Nalitazama hilo dubwana la mumeo mara moja, tunaondoka."

Nyuma ya zizi, trekta lilikuwa limeegeshwa katikati ya samadi, na chini yake kidimbwi cheusi. Sili, ule mpira wa kuzuia mafuta yasitoke, ilikuwa inavuja. Shangazi alifunga pua, akashusha koleo, akafuta, akachomoa kijiti. Kitambaa kikapata doa la rangi ya chai ya maziwa. Maji, hilo halikuhitaji fundi. Lakini kulikuwa na vipande vidogo vyeupe, laini, vilivyopondeka kidoleni. Alinusa. Akanusa tena, maana hakuiamini pua yake. Chini ya harufu ya mafuta kulikuwa na uchachu wa ndoo ya maziwa iliyosahaulika juani.

"Wewe Yaleyale. Umetia nini humu?"

"Mafuta, Shangazi. Linavuja, kwa hiyo kila alfajiri naongeza kidogo."

"Mafuta gani?"

"Kuna ya haidroliki, kuna ya injini, nikichanganya... "

"Nakuuliza maziwa yamefikaje humu!"

Yaleyale alikuna kichwa. Akasema labda ni ile faneli. Shangazi akamwambia ailete, naye akaenda ndani akarudi nayo. Ilikuwa faneli ya bati yenye chujio la waya, nzuri, inang'aa kwa nje. Shangazi aliitambua. Ilikuwa ikining'inia kwenye msumari jikoni, juu ya vyombo.

"Hii si ya maziwa?"

"Ni ya maziwa. Lakini Shangazi, wewe mwenyewe ulisema faneli ya haidroliki iwe safi. Ile yangu uliiona ina mchanga, ukaitupa mbele ya watu na kunitukana. Sasa humu ndani kitu safi kabisa ni hiki. Mke wangu anakisugua kila jioni, yakibaki ni matone mawili matatu ya maziwa kwenye waya. Alfajiri yeye akikamua, mimi nakichukua, naongeza mafuta, nakisuuza na maji ya baridi, nakirudisha msumarini. Si safi?"

Alikuwa anasema kweli, na uso wake ulikuwa unangoja pongezi. Shangazi aliingiza kidole kwenye chujio. Kiliteleza. Akakinusa, na mara hii uso haukukunjamana. Ulilegea. Maziwa ya kuuza yaliondoka bomani na ndoo yake. Yaliyopita kwenye faneli hii yalikuwa ya nyumbani, yaliyomiminwa chupani asubuhi, mara tu baada ya Yaleyale kuitundika. Ile nusu kikombe ikapanda. Alishika ukuta wa zizi akatapika yote kwenye samadi, kisha akakimbia kuelekea verandani, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia.

"Usimpe! Toa hiyo chupa!"

Babu alikuwa ameshakunywa.

Zahanati ilikuwa upande wa pili wa soko. Walikwenda kwa miguu, haraka haraka, mama mtu akiuliza kuna nini, Yaleyale akisema hakuna kitu, Shangazi amezidisha, na Shangazi mwenyewe amembeba mtoto bila kujibu. Kwenye benchi la kungojea Babu alijikunja, akatapika begani kwake, yakashuka hadi mfukoni kwenye kile kitambaa cheupe. Watu wa karibu walisogea. Shangazi hakusogea. Aliinamisha pua kwenye ovaroli yake mwenyewe na kunusa kama anavyonusa kijiti.

Muuguzi aliwaita ndani, akamlaza mtoto, akauliza, "Amekula nini?"

Mama mtu alisema maziwa tu. Yaleyale akatazama dari. Alikuwa tayari kuyaacha yale maneno yapite, na hapo Shangazi alimchukia kwa moyo wake wote.

"Mafuta ya trekta," Shangazi alisema. "Ya haidroliki, na ya injini ndani yake. Kidogo kidogo, kila siku, kwenye maziwa. Baba yake huyu hapa, mwulize alivyoyachanganya. Harufu ni hii, nusa."

Akavua ovaroli, akamkabidhi. Muuguzi alinusa, akamtazama Yaleyale kwa jicho ambalo Shangazi angelinunua kama lingeuzwa. Kisha akamsikiliza mtoto kifua, muda mrefu, huku na huku. Akasema mapafu ni mazima, maji ndiyo yamemwishia mwilini. Watamlaza, watamrudishia maji, na asiguse tena maziwa yale. Wangechelewa zaidi... hakumalizia.

Yaleyale alitoka nje, akisema anakwenda kuvuta hewa. Hakuna aliyemzuia. Babu alipowekewa dripu alilia kwa sauti iliyokauka, kisha akashika kidole cha Shangazi, kile kile kilichoingia kwenye chujio. Alikuwa amekiosha mara nyingi hata ngozi imekuwa nyekundu, na bado alikiona kichafu.

Mke wa Yaleyale alikaa ukingoni mwa kitanda akikunja na kukunjua ncha ya khanga.

"Shangazi," alisema, "nilikuwa nayaona."

"Ulikuwa unaona nini, mwanangu?"

"Yakielea juu ya maziwa, yanang'aa. Nikafurahi. Nikasema ng'ombe wetu siku hizi anatoa maziwa yenye mafuta." Alimtazama mtoto. "Kila asubuhi nikawa namwengulia Babu yale ya juu. Sisi tukanywa yaliyobaki."