Kura ya Meja

Mimi ni raia. Kwa miaka sita nimefundisha historia katika chuo cha jeshi nje ya mji, na kila jioni narudi nyumbani Mbotela, ambako majirani wanadhani nafundisha watu kupiga bunduki.

Chuoni tuna baraza la taaluma. Sheria inasema mambo ya mitihani huamuliwa na wahadhiri kwa kura, wawe raia au wanajeshi. Niliisoma siku ya kuajiriwa, nikaiamini.

Mwaka jana kadeti mmoja alileta tasnifu aliyoinakili neno kwa neno. Niligundua upesi, maana alikuwa amenakili makala yangu mwenyewe ya zamani, pamoja na makosa yangu ya tahajia. Baraza likapiga kura aanguke. Hakuna aliyepinga.

Wiki iliyofuata tukaitwa tena. Mkuu wa chuo aliingia, wanajeshi wakasimama wima, sisi raia tukafuata kwa kuchelewa. Akatuashiria tukae. Yeye hakuketi.

"Kadeti yule atapita," alisema. "Pigeni kura upya. Wanaokubali?"

Mikono ikapanda. Watu walewale! Hata mhadhiri wa hesabu, raia mwenzangu, ambaye asubuhi hiyo aliniambia kwenye ngazi kwamba wizi ule ni aibu.  Mimi sikuinua mkono.

"Wanaopinga?"

Meja aliyekaa kando yangu akainua mkono. Ni mtu mpole, mzaliwa wa mtaa wa Huruma, mwalimu wa uhandisi. Sikuwahi kumsikia akibishana hata juu ya chai.

"Afande, uwanjani ukiniamuru nitatii," alisema. "Humu ndani sheria imenipa kura. Napinga."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtushwa na amri yenyewe. Ndipo nami nikainua wangu.

Mkuu alitutazama sisi wawili. "Iandikwe," akasema, akatoka. Wawili tulipinga, tisa wakakubali. Kadeti akapita.

Nilimsimulia mume wangu, karani wa mahakama pale Makadara. Aliweka kikombe chini.

"Yaani mkubwa anaingia kubadilisha hukumu iliyokwisha kutolewa?"

"Aliingia."

"Na nyinyi mkamwinulia mikono?"



Baada ya wiki tatu meja alihamishiwa kambi ya mpakani. Jumamosi alikuja nyumbani kuaga, amevaa nguo za kiraia, mkate mkononi. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kura ile.

"Mwalimu, sijui," alisema. "Sisi huhamishwa kila mara. Hilo ndilo baya lake, sitajua kamwe."

"Unajuta?"

"Mke wangu ndiye anajuta. Watoto wamekatishwa shule katikati ya muhula."

Alipoondoka nilikaa nikaandika barua kwa bodi ya chuo, nikaambatisha maamuzi yote mawili. Jumatatu, nilipokuwa naitia kwenye bahasha ofisini, mhadhiri wa hesabu aliingia, akaisoma akiwa amesimama, akaomba kalamu. Akatia sahihi chini ya yangu bila kuniangalia usoni.

Jibu lilikuja kwa mstari mmoja: barua imepokelewa. Kadeti alikuwa tayari amevishwa cheo. Hadi leo baraza hukutana kila mwezi, na kila mlango unapofunguliwa katikati ya kikao, nakatiza maneno yangu nitazame ni nani anayeingia.