Mwenye Upondo Aliyekuja Garsen

Cheka kwanza, nitakungoja. Kila niliyemsimulia amecheka, hata mchungaji wetu. Ukimaliza unisikilize, maana haya sikuambiwa na mtu. Yalinikuta mimi, nyumbani kwangu Garsen, mwishoni mwa miaka ya tisini, tena mchana, jua likiwa utosini. Binti yangu Zipora alikuwepo. Ukiniona mwongo, muulize yeye.

Nyumba yetu ilikuwa na kompyuta mbili, jambo la kushangaza Garsen wakati ule. Moja ilikaa sebuleni, nyingine chumbani kwa Zipora, nami nilikuwa nimeziunganisha kwa waya uliopita juu ya ukuta. Ya sebuleni ndiyo pekee iliyokuwa na mahali pa kutia sidii. Ya Zipora ilizisoma sidii kupitia ule waya, kutoka kwa mwenzake. Nilijiona fundi kwelikweli.

Basi nikapata sidii ya mfumo mpya kutoka Mombasa, nikaamua kuzibadilisha zote mbili siku moja. Zipora alinisihi, "Baba, ngoja nikabidhi kazi yangu kwanza." Alikuwa mwaka wa mwisho chuoni, na utafiti wake mzima juu ya mimea wanayotumia akina mama wa mtoni ulikuwa ndani ya kompyuta yake. Nakala aliyoiweka kwenye disketi ilikuwa imeharibiwa na jua safarini. Asipoikabidhi kazi Jumatatu, angerudia mwaka, na karo ya mwaka mwingine hatukuwa nayo. Nikamwambia aache woga.

Unajua nilifanya nini? Umeme wetu ulikuwa wa jenereta, na petroli huku hatuichezei. Kwa hiyo nikazianzisha zote mbili pamoja, zibadilike kwa mafuta yale yale. Zilienda vizuri, kisha ya sebuleni ikajizima ili ijiwashe upya, kama zinavyofanya. Palepale ya Zipora ikakwama. Ilikuwa inatafuta faili kwenye sidii, na mwenye sidii hayupo. Ya sebuleni iliporudi ikalalamika, ikajirudisha kwenye mfumo wake wa zamani. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikabadilisha waya, nikaipangusa sidii kwa shati, nikasali. Mwishowe ya Zipora haikuwa na mfumo wa zamani wala mpya. Kila nikizianzisha tena pamoja inaomba faili zilizobaki na ya sebuleni imejizima, basi, kazi ya mtoto imefungiwa ndani.

Zipora hakunilaumu. Alikaa kitandani na leso mdomoni, mabega yanamtetemeka. Niamini, siku ile ningeweza kumpa hata macho yangu.

Hapo ndipo nikasikia hodi.

Mlangoni alisimama mzee mrefu, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni, maji yanachuruzika kwenye sakafu yangu ya saruji. Kiangazi kile, hata madimbwi ya ng'ombe yalikuwa yamekauka. Sasa wewe ungemuuliza katoka wapi? Mimi nimelelewa kwamba mgeni haulizwi jina kabla hajatia kitu kinywani. Nikamvutia kiti, nikamwita Zipora aende jikoni kuinjika chai.

Mzee hakuketi. Alimtazama Zipora akipita, akaniuliza, "Mjukuu wangu analia nini?"

Sikushtuka. Wazee wetu kila mtoto kwao ni mjukuu. Nikamweleza kwa mkato, si kwamba nilitarajia aelewe, ila mtu akielemewa humwambia yeyote. Akausikiliza mkasa wote, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani.

"Huyu wa hapa ndiye anamvusha mwenzake?"

"Ndiye, mzee."

"Na yeye anashuka saa ngapi?"

"Wanashuka pamoja. Nabana mafuta."

Akaitazama mashine ya sebuleni. Aliposema tena, nywele zilinisimama, na hata leo zinasimama. "Mwenye upondo anashuka mwisho. Anashika mtumbwi kwa mti wake mpaka watu wote wako juu ukingoni. Akitangulia yeye, mtumbwi unapinduka. Mimi nilitangulia."

Nikaigeukia mashine. Nilikuwa nimeelewa. Nikaiacha ya sebuleni na mfumo wake wa zamani, sidii ndani, bila kuigusa tena. Nikakimbilia chumbani kuiwasha ya Zipora peke yake. Ikaomba faili, ikapewa. Ikaomba tena, ikapewa.

Niliporudi kumwambia mzee, hakuwepo. Zipora alikuwa katikati ya sebule na sinia la chai, anatazama dimbwi sakafuni. Nikatoka nje. Uani kwetu ni mchanga mtupu, na hapakuwa na unyayo uliokuja wala uliokwenda.

Alasiri kompyuta ya Zipora ikafunguka, na kazi yake ilikuwemo yote. Hapo ndipo mtoto alipolia kwa sauti, nami nikalia naye.

Mke wangu ni mzaliwa wa Wenje, kijiji cha mtoni. Siku ile alishinda shamba la kijiji cha Wema, akarudi jua likishuka. Nikamsimulia. Nilipofika kwenye kidole gumba, alikaa chini pale pale mlangoni.

"Baba Zipora," akasema, "huyo ni mjomba wangu."

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunieleza. Alipokuwa mdogo, kaka wa mama yake alikuwa akivusha watu mtoni Wenje kwa upondo. Siku moja ya mafuriko aliruka yeye kwanza ili auvute mtumbwi ukingoni, ukapinduka na watu ndani. Akajitosa tena. Alimkamata mpwa wake, ndiye huyu mke wangu, akamsukumia nchi kavu, akarudi kutafuta wengine, na hakuonekana tena. Hata mwili wa kuzika hawakuupata.

Zipora alikabidhi kazi yake Jumatatu, akafaulu. Baadaye tulikwenda Wenje sisi watatu. Mke wangu, ambaye tangu utoto hakuukaribia mto ule, aliingia mpaka maji yakamfika vifundoni. Akasema, "Mjomba, mimi nilifika. Na huyu ni mwanangu."

Siku hizi umeme upo, na bado sibadilishi mashine mbili kwa pamoja. Nawe nakuonya. Akija kwako mgeni anayechuruzika maji wakati wa kiangazi, usipige kelele wala usikimbilie majirani. Mshukuru kabla hujageuka kutazama kitu kingine. Mimi niligeuka, na asante yangu ikabidi niupe mto.