Mabakuli Manne ya Mfenesi wa Mama

Teopista hakuwahi kuwasha mashine yake ya kukerezea mbao bila kwanza kuvua pete ya ndoa na kuitia shavuni, kama mtu anayeficha peremende. Marehemu mumewe Samsoni, aliyekuwa fundi katika karakana ya mgodi kule Kilembe, ndiye aliyemfundisha kwamba pete na kitu kinachozunguka havipatani. Kutundika pete kwenye msumari hakutaka. Mto Nyamwamba ulikuwa umewahi kuingia kwao na kuondoka na ukuta pamoja na misumari yake, na tangu hapo hakuamini ukuta wowote. Kilichosalia siku ile ni mashine yenyewe, kwa kuwa Samsoni aliifunga kwa boliti kwenye saruji. Teopista aliihamishia Kasese mjini, akaendelea kukereza miguu ya viti na michi, na wateja wakazoea kusikia akiongea kwa upande mmoja wa mdomo.

"Siku moja utaimeza hiyo pete, Mama Davis," Musoki, mwalimu wa shule, alimwambia asubuhi moja alipofika na kipande cha gogo kilichofungwa gunia lililoloweshwa maji.

"Nikiimeza, Samsoni atakuwa amenioa mpaka tumboni. Tua mzigo kabla haujakuvunja mgongo."

Musoki aliutua polepole, kama anayelaza mtoto. Kilikuwa kipande cha mfenesi ambao mama yake aliupanda nyuma ya jiko huko Nyakiyumbu. Mama alipofariki, kaka zake waliukata wakawauzia wachoma matofali, na habari ilipowafikia mabinti, lori lilikuwa limebakiza kipande hiki tu. Mabinti walikuwa wanne. Marita, mkubwa wao, alisema kikichongwa bakuli ni lake, maana yeye ndiye aliyemlisha mama siku za mwisho. Wawili waliofuata wakamjibu maneno yasiyofaa kusemwa msibani. Tangu hapo waliamkiana kwa simu kama majirani waliogombania mpaka. Siku ya kujengea kaburi, ambapo ukoo wote hula pamoja, ilikuwa inakuja, na Musoki, kitinda mimba, aliogopa kwamba watakaa kila mmoja upande wake, na wakiachana hivyo hawatakutana tena.

"Nataka mabakuli manne," alisema. "Yote kutoka humu."

Teopista alilifungua gunia, akaligonga gogo kwa vidole. "Kwa njia niliyozoea, utapata bakuli moja na gunia la maranda. Tumbo lote la mti linakwenda kutandikiwa kuku."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo. Kuna kisu kilichopinda, kinaingilia pembeni, kinazunguka kwa chini, kinachomoa bakuli kutoka ndani ya bakuli. Samsoni alikitamani mpaka anakufa." Alichukua mkoba wake. "Twende Bwera, kule mpakani."

Duka la Syahuka lilikuwa karibu na soko, limejaa vyuma vilivyotoka pande zote mbili za mpaka. Aliwawekea visu viwili mezani. Cha kwanza kilikuwa na mkono mrefu mzito, cha kusukumwa kwa nguvu za mwili, nacho kiliweza kukata bakuli la kipimo chochote. Cha pili kilikuwa kifupi, kimeshikiliwa na mhimili. Kilizunguka kwenye njia yake ileile tu, na kilitoa vipimo vichache.

"Mama, kamata hii mukubwa," Syahuka alisema. "Iko na nguvu. Hii kidogo ni ya mutu anaogopa."

Musoki aliona macho ya Teopista yakikitazama kile kikubwa, akajua hakukitazama kwa macho yake peke yake.

"Mashine yako si ni ndogo, Mama Davis?"

"Ndogo, lakini haijawahi kuniangusha."

"Kitakuangusha wewe."

"Kimya, mwalimu. Shuleni kwako nawafundisha mimi?"

Walikichukua kile kikubwa, wakakubaliana na Syahuka kwamba kisipofaa watakirudisha. Waliporudi Kasese, Teopista, ambaye hakuwa mtu wa kujaribu jambo kwenye mti wa marehemu, alifunga kwanza kipande cha mkaratusi kwenye mashine. Kisu kikubwa kiliuma mti, mota ikaguna, mkanda ukapiga kelele kama nguruwe, na mkaratusi ukachomoka ukaruka hadi kwenye birika la chai na kulibonda. Hakuna aliyeumia. Teopista alizima umeme, akaketi juu ya ndoo.

"Samsoni alikuwa anakiota mbele ya mashine kubwa ya mgodi," alisema hatimaye. "Mimi ninayo hii."

Syahuka alipokipokea kile kisu alicheka, "Mama, umeogopa?"

"Nimeogopa, baba. Nipe cha waoga."

Nyumbani Kasese, kisu kifupi kilienda taratibu kwenye mkaratusi, kikakohoa kidogo, kikatoa bakuli. Ndipo wakafunga mfenesi. Bakuli la kwanza lilitoka bila shida, na Musoki alianza kupumua. Katika la pili kisu kilikwama. Teopista alipojaribu kukirudisha, hakikurudi. Utomvu wa mfenesi ulikuwa umekigandisha ndani, mweupe, unavutika kama ulimbo. Angevuta kwa nguvu, ukuta wa bakuli ungepasuka, na kilichobaki ndani kingepasuka nao.

"Usivute!" Musoki alisema. "Mama alikuwa anapasuaje fenesi?"

Walitazamana. Kila mwanamke wa pale alijua: unapaka mafuta kisu, unapaka mikono, ndipo unapasua. Ilikuwaje mtu ajue hivyo kuhusu tunda, asahau kwamba mti ndio mama wa tunda? Musoki alikimbilia jikoni, akarudi na chupa ya mafuta ya kupikia. Teopista aliyamimina katika mfereji, akazungusha mti kwa mkono, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kisu kikalegea. Kila baada ya muda mfupi walisimama, wakapaka tena. Bakuli la pili likatoka, likafuata la tatu. Kiini kilichosalia, kisichozidi ngumi mbili, Teopista alikikereza kwa patasi zake za kawaida, kikawa bakuli dogo la chumvi.

Musoki alikaa chini kwenye maranda ya manjano akalia, na hakuwa na huzuni.

"Hilo dogo ni langu," alisema. "Wengine wachague."

Mabakuli yalifukiwa katika maranda yakauke polepole. Musoki alipoyafuata, asubuhi ya safari ya Nyakiyumbu, yalikuwa yamejikunja kidogo, lakini hata moja halikuwa na ufa. Yaliingiana, dogo ndani ya kubwa. Teopista aliyafunga katika kitenge, akamsindikiza mpaka barabarani, akamshika mkono.

"Marita akilalamika kwamba lake limepinda, mwambie mti umekauka, haujanuna. Na msipakue chakula mpaka wote mmekaa."