Usibadilishe Rangi

Mimi si mtu wa kuuziwa uwongo. Darasa la nne ndilo lilikuwa mwisho wangu, na wale waliosoma mpaka wakavaa joho leo wanakuja dukani kwangu Ruiru kuniomba niwapunguzie bei ya simiti. Nilianza na mkokoteni. Nililala mtaa wa Landless, chumba kimoja na wanaume wengine, tukivuta mizigo mjini Thika mpaka viganja vikawa vigumu kama visigino. Kilichoniinua si bahati. Ni kutoamini mtu. Mtu akinisalimia vizuri kupita kiasi, mimi hushika mfuko kwanza.

Tajiri mmoja tuliyemvutia mizigo wakati ule alikuwa na pikapu nyekundu, ile ya zamani yenye taa za mviringo. Asubuhi ikikataa kuwaka, sisi wa mikokoteni tuliitwa kusukuma. Ikishawaka inatutemea moshi usoni, huyoo, amekwenda. Hakuwahi kutubeba. Nikaapa kwamba siku moja nitakuwa na yangu, ya aina hiyo hiyo, na nyekundu.

Basi nikadokezewa kuna mzee huko Gatuanyaga anayo moja imekaa chini ya mabati. Nilienda kwa bodaboda. Gari yangu niliiacha nyumbani makusudi, maana muuzaji akikuona na gari hupandisha bei.

Ilikuwa hapo kweli. Kuku walikuwa wakitaga ndani, na mbuzi mmoja amelala nyuma kwenye bodi kama abiria aliyelipa nauli. Rangi yake ilikuwa kijani, kijani cha mahindi yaliyochomwa na jua. Mwenyewe alikuwa mzee mrefu, Mkikuyu, macho yake yameingia ukungu. Mimi ni Mkamba, kwa hivyo tuliongea Kiswahili, kila mtu na ulimi wake. Wazee wa Kikuyu l huwashinda, wanaiweka r mahali pake. Sisi ni r ndiyo hutushinda. Mpaka leo nikisema gari, watu wanacheka ati nimesema gali.

Mzee alipapasa mlango, akaniambia, "Hii ni gari ya mahari. Ukiichukua, usibadirishe rangi."

Nikacheka moyoni. Nikamrekebisha kichwani kama ninavyowarekebisha wote: anataka kusema gari ya mahali. Gari ya hapa hapa, ya kwenda shambani na kurudi. Yaani injini haiwezi safari. Na hilo la rangi nalo nililielewa mara moja: chini ya hiyo kijani kuna kutu imezibwa. Akaniuliza ninakaa wapi. Nilipomwambia Ruiru alitabasamu peke yake, akakubali bei yangu bila kubishana. Hapo ndipo nilipoogopa. Mzee gani huuza kitu bila kubishana? Lakini moyo ulikuwa umeshaipenda, nikainunua na woga wangu.

Tuliivuta kwa kamba mpaka gereji ya jirani yangu Ruiru. Fundi akaikagua, akasema injini ni nzima, inataka betri, tangi lisafishwe, na kabureta ioshwe. Nikamwambia afungue injini yote. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia afungue tu, mimi najua ninachojua.

Na nikaketi hapo. Vipuri vya asili vya pikapu kama hizo vinatafutwa sana, na fundi ukimpa mgongo anatoa kizuri anakuwekea cha kubahatisha. Nilileta kiti changu kutoka dukani, nikala chakula cha mchana papo hapo, macho kwenye mikono yake.

"Mkubwa," akaniambia akiwa chini ya gari, "hata mgonjwa wa kupasuliwa, watu wake huambiwa wangoje nje."

"Mgonjwa hana kabureta," nikamjibu.

Injini ilifunguliwa mpaka pistoni ya mwisho. Haikuwa na kitu. Fundi akaanza kuirudisha akipiga mluzi, na mluzi wenyewe nilijua unanihusu. Kitu pekee nilichopata ni chini ya kiti cha dereva: kipande cha leso ya manjano, kimefungwa fundo kwenye springi. Nikasema huu ni uchawi. Nikamkataza fundi asikiguse, mimi mwenyewe sikukigusa.

Ndipo nilipoanza kumwona yule mwanamke. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara na kiondo cha sukuma wiki, anaiangalia pikapu, kisha anakwenda. Alirudi tena, tena. Nikajua ametumwa. Wezi siku hizi hutuma mwanamke mwenye kiondo kwanza, nani atamshuku? Nikanunua mnyororo na kufuli kubwa, nikafunga usukani.

Siku ya kupaka rangi ikafika. Fundi alikuwa amekoroga nyekundu yangu, nyekundu ya kukufanya ufumbe macho, na anapima bomba la kupulizia kwenye kipande cha bati. Yule mwanamke akavuka barabara, akaweka kiganja kwenye boneti.

"Baba, tafadhali usiipake."

Nikamuuliza yeye ni nani na gari yangu inamhusu nini.

"Niliolewa na hii," akasema. "Baba mkwe wangu aliitoa hapa Ruiru, akaipeleka Gatuanyaga kwa baba yangu. Baba hakukuambia ni ya mahari?"

Mahari. Lile neno nililolirekebisha lilirudi kama lilivyotoka mdomoni mwa mzee, zima, bila kosa hata moja.

Lakini mimi ni mimi. Nikaona mpango wote papo hapo: baba anauza, binti analia, wakwe wanaichukua, mwezi ujao anauziwa mjinga mwingine. Nikamwambia kama ni kweli anionyeshe alama. Hakufikiri hata kidogo.

"Chini ya kiti cha dereva kuna leso ya manjano. Aliifunga nyanyake mume wangu siku wanaipeleka, akiibariki njia."

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama barabara.

Alinieleza yaliyobaki taratibu. Baba yake haoni tena vizuri, hawezi kuendesha, na aliona heri gari itembee mikononi mwa mtu kuliko ife chini ya mabati. Aliposikia mnunuzi anakaa Ruiru alifurahi, itakuwa karibu na binti yake. Lakini wakwe waliiona hapa gereji, nao wanasema baba yake ameuza mahari kwa siri kama mwizi. Wameita kikao. Mume wake hana la kusema mbele ya wajomba, na yeye hawezi kuishi katika boma linalomwita baba yake mwizi.

"Ukiipaka nyekundu," akasema, "watasema ilikuwa ya kufichwa. Kuja tu useme uliambiwa nini. Sitaki kingine."

Niliendesha mwenyewe kwenda kwenye kikao, ikiwa kijani vile vile, na njia nzima nilikuwa napima. Nikisema mzee aliniambia mahali, basi mimi ni mnunuzi aliyedanganywa, gari ni yangu safi, na mzee ndiye mwongo. Nikisema aliniambia mahari, basi niliinunua nikijua, na wanaweza kuniambia niiache hapo hapo getini. Mahali gari yangu. Mahari gari yao. Hata nilipoegesha, niliigeuza ikatazama barabara, na ufunguo nikauweka kwenye soksi.

Sebule ilikuwa imejaa. Mzee wa Gatuanyaga alikuwa ameketi karibu na mlango, kofia magotini, kama mgeni asiyejua kama atapewa chai. Mjomba mkubwa wa mume ndiye aliyeongoza, na kwa heshima yangu aliongea Kiswahili. Akaniuliza, wakati ninauziwa, niliambiwa hii ni gari gani.

Nilimtazama yule mzee. Macho yake hayakuwa yananiona, alikuwa ameelekeza sikio tu. Mtu aliyeniambia kweli waziwazi, na mimi nikamsahihisha.

"Gali ya mahali," nikasema.

Mwanamke aliyekuwa akimimina chai akasimamisha birika hewani.

"Mahari ama mahali?" mjomba akauliza.

"Mahali," nikasema tena, nikisikia ulimi wangu ukinisaliti. Mzee akainamisha kichwa. Nikajaribu mara nyingine, ikatoka ile ile. Jasho likaanza kunitoka, mimi niliyebishana na matajiri wa Thika.

"Ile ya mbuzi," nikasema. "Ile ya kuolea. Aliniambia kwa mdomo wake kabla hajashika pesa yangu, na akanikataza nisibadilishe langi. Ni sikio langu lilienda kwingine."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake kikaenda mpaka kwa wajomba. Mmoja wao akasema Mkikuyu na Mkamba wakiuziana gari, anayeumia ni Kiswahili. Mjomba mkubwa alingoja wanyamaze.

"Kitu kilichouzwa kwa jina lake hakikufichwa," akasema. "Mzee, karibu chai." Kisha akanigeukia, akasema gari ni yangu, ila leso ikae ilipo.

Nilikunywa chai yangu nikichungulia dirishani. Niliona wamekubali upesi mno.

Rangi nyekundu niliipaka geti langu. Jioni ya kikao mzee aliomba nimrudishe Gatuanyaga, nikamkalisha mbele. Tulipotoka Ruiru akaniuliza kama gari bado ni kijani. Nikamwambia bado. Tulipopita Thika akauliza tena, nikamjibu hilo hilo. Tulipofika kwake alishuka, akafunga mlango polepole, akapitisha kidole kwenye bati lake kutoka juu mpaka chini. Kisha akakiinua puani, akakinusa asikie kama kina rangi mpya.